Tuliupita Mutihani kwa Kidole cha Muguu

Papa Furaha, bwana yangu,

Tangu Jumapili sijaongea na mutu, ukitoa salamu za njiani, na leo ni Jumanne. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Usicheke. Ulipokuwa hai nilikuandikia kila siku, kwa mukaa juu ya mulango, kwa kijiti juu ya mavumbi, kwa kidole juu ya mugongo wako, kwa sababu masikio yako yalitangulia kufa. Basi na hii pokea. Sitaifunga. Nitamupatia katekista aisome mbele ya watu akitaka, maana mambo tuliyoyaficha mimi na wewe yametosha, na yametuharibia nyumba.

Nyumba yenyewe ni ileile, hapa Kashikishi, nyuma ya soko la samaki. Kiti chako nimemupatia mama wa jirani, kwa sababu kila nikila nilikuwa nakiangalia. Bukari nasonga kidogo, ya ngumi moja, na bado inabaki. Asubuhi nawapatia kuku.

Nianze na chigayo, ile mashine ya kusaga, kwa sababu ndiko masikio yako yalikobaki. Tulipovuka ziwa kutoka Congo tukiwa wakimbizi, na mutoto mumoja na sufuria mbili, ulipata kazi ya kusaga unga kabla hatujajua hata kusalimia kwa Kibemba. Miaka mingi ulisimama pembeni ya mashine ile, nyusi nyeupe kwa unga wa muhogo, wanawake wanakuletea mabeseni na wewe unawatupia utani juu ya makelele. Muchana nilikuletea chakula, nakaa juu ya magunia, tunaongea kwa kupaza sauti mpaka koo linauma. Na nyumbani ukapaza vilevile. "Papa Furaha, siko mbali hivyo," nilikuambia. Wewe ukajibu, "Nini?" Nilidhani ni mazoea ya kazi. Kumbe mashine ilikuwa inakula masikio yako kidogo kidogo, pamoja na mahindi ya watu.

Ulikuwa mutu wa maneno. Tuseme ukweli, sura yako ilikuwa ya kawaida tu, ni mudomo wako ulionioa. Sasa masikio yalipoenda, maneno yakafuata. Ulianza kucheka watu wakicheka, kutikisa kichwa padri akitikisa kichwa. Mimi nikawa masikio yako. Mutu akikuuliza habari, mimi nimeshajibu. Muchuuzi akikuuliza unataka samaki gani, mimi nimeshachagua. Ulikuwa upendo, sikatai, lakini kiburi kilikuwemo pia. Sikutaka watu waseme bwana yangu ni kiziwi.

Ndipo ikaja ile simu ya Furaha.

Mutoto wetu wa pekee, ameolewa mbali, Lubumbashi, na hakujua kitu juu ya masikio yako. Wewe ulinikataza. "Baba hawezi kuwa kiziwi mbele ya mutoto wake," ulisema, na mimi nikatii. Siku ile niko nje nachambua majani ya sombe. Simu iko mukononi mwako, umeifungulia sauti yote, na kila neno lilinifikia kule nje. "Papa," anasema, na analia, "bwana yangu ananipiga. Naweza kurudi nyumbani?" Na wewe, unacheka kwa nguvu: "Ee mama! Vizuri! Vizuri sana! Salimia bwana yako, mukae vizuri huko!"

Nilitupa sombe chini nikakimbia. Nilipofika ulishakata. Ulikuwa unafuta kioo cha simu kwa shati, na uso wako unang'aa kwamba mutoto amekukumbuka.

Nikachukua mukaa nikaandika juu ya mulango swali alilouliza. Ulisoma. Ukasoma tena. Ukakaa chini palepale kwenye kizingiti, na siku nzima hukusema hata "nini".

Nilimupigia mara nyingi. Alipopokea, siku ya tatu, alisema, "Mama, Papa amesema nikae." Nikamuambia, "Rudi, mwanangu. Mimi mama yako nasema rudi." Akajibu, "Mahari alipokea Papa. Papa ndiye anasema." Na hapo alikuwa na haki. Unajua desturi yetu, binti hatoki kwa bwana yake kwa neno la mama peke yake. Ningemuambia palepale: baba yako hakusikia. Neno lilifika kwenye ulimi, nikalimeza. Nikasema, "Papa ataongea nawe mwenyewe, ngoja kidogo."

Nilikuomba, kwa kuandika na kwa mikono: sema tu "rudi", si lazima usikie. Ulikataa. "Nitaongeaje na mutu nisiyemusikia?" ukasema. "Nitamuambia rudi, yeye ataniuliza kitu, nami nitajibu ujinga tena. Nataka nisikie mutoto wangu kwanza." Ilikuwa woga, Papa Furaha. Mutu aliyevuka ziwa risasi ziko nyuma yake, anaogopa simu! Nilikukasirikia siku mbili. Halafu nikaona unavyoisukuma simu mbali kila ikiwaka, hasira ikaniisha.

Ni katika siku hizo tulipata habari za Sista wa Jumatano. Unamukumbuka, yule muuguzi musichana kutoka hospitali ya Nchelenge, alikuwa anakuja kila Jumatano kwenye chumba cha nyuma ya kanisa kwa ajili ya wazee wenye masikio mazito. Alikuvalisha kidude nyuma ya sikio, akakueleza kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, na mimi nikakuandikia. "Ba shikulu," alisema, ndiyo babu kwa Kibemba, "hiki kinaongeza sauti tu. Kinaongeza yangu, kinaongeza ya kuku, kinaongeza ya mashine. Kuchagua ni kazi ya ubongo, na ubongo wenu umelala muda murefu. Tutauamusha kwa mazoezi." Na mazoezi yalikuwa hivi: spika ndogo juu ya meza, ndani yake kelele za soko, na katikati ya kelele mwalimu mumoja wa kwetu Congo anataja neno. Samaki. Jembe. Mvua. Unasikia, unarudia. Halafu maneno mawili, halafu sentensi, na kelele zinapandishwa. Sista anaandika kwenye karatasi.

Karatasi! Hapo ndipo tulipopotea. Mimi na wewe tunajua karatasi. Tulipofika nchi hii walitutia vyumba viwili mbalimbali wakatuuliza swali moja: kutoka kijijini kwenu mpaka ziwani mulivuka mito mingapi? Wewe ukasema miwili, mimi nikasema mitatu, kwa sababu hukuhesabu kile kijito cha nyuma ya shule, muvivu wewe. Dosie yetu, yale makaratasi ya ukimbizi, ikarudi chini ya zote, tukakaa miezi chini ya turubai tukilaumiana kwa ajili ya kijito. Tangu siku ile hatukujibu mutu bila kupanga. Hata padri akija kututembelea, tulikaa kwanza tukapanga nani atasema nini.

Basi Jumatano ya kwanza ulikosa karibu yote. Spika ikisema, wewe unamuangalia Sista mudomo, na Sista ameufunika kwa ile karatasi. Akaandika. Akaandika tena. Njiani ulinishika mukono. "Wataniondoa kwenye liste," ukasema. "Watakichukua kidude wamupatie mutu anayesikia." Na mimi, mujinga mwenzako, niliona una haki. Nani aliwahi kukosa majibu kwenye biro ya serikali akaongezwa kitu?

Nilikuwa nakaa nyuma yako, kwenye benchi la wasindikizaji, na masikio yangu wakati ule yalikuwa mazima. Kanda ilikuwa moja tu, ileile kila wiki, kwa sababu Kiswahili chetu walikuwa wamekirekodi mara moja. Ilipofika Jumatano ya tatu nilikuwa nayo yote kichwani. Nikaiandika juu ya mulango, kutoka juu mpaka chini, na wewe ukawa unaisoma kila asubuhi kabla ya chai. Mama wa jirani akauliza ni nini. Nikamuambia ni somo la Biblia. "Jembe na kikapu, ni Biblia gani?" Nikamuambia Agano la Kale. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Ikabaki shida moja: utajuaje neno limetajwa, na husikii? Hapo nilileta akili yangu, ile niliyokuwa najivunia. Nikavua ndala, nikasogeza benchi, na kila neno likitoka nikakugusa kisigino kwa kidole cha muguu. Nikigusa, samaki. Nikigusa, jembe. Nikigusa, mvua. Wewe unaangalia dari, umekunja uso kama mutu anayesikiliza kweli. Mwigizaji mukubwa! Sista alisimama akapiga makofi. "Ba shikulu! Ubongo umeamuka!" Wazee wengine wakakuangalia kwa wivu. Tuliporudi tulicheka mpaka tukasimama njiani kushika mbavu, wewe umeegemea ukuta wa watu, machozi yanatoka. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tulicheka kitu kimoja kwa wakati mumoja.

Jumatano iliyofuata Sista alikuambia umemaliza. Alikushika mikono yote miwili. "Nafasi yenu nitamupatia muzee mwingine anayekosa," akasema. "Wanaokosa ndio tunaendelea nao."

Nilisikia maneno hayo vizuri kabisa. Wewe ulikuwa unatabasamu tu. Ningesimama pale nikamuambia ukweli, na yeye angecheka, na ungerudi kwenye kiti chako. Badala yake nilikuvuta mukono tukatoka. Niliona haya mbele ya wale wazee, sisi tulioshangiliwa wiki moja tu kabla. Na moyoni nikasema, labda ubongo wake umejifunza kidogo hivyohivyo. Ubongo gani ungejifunza, Papa Furaha, na kazi yote ilifanywa na kisigino?

Nikamuambia Furaha apige simu Jumapili. Nikamuambia Papa yuko muzima, hana shida yoyote, anakungojea. Nilisema hivyo, kwa mudomo wangu mwenyewe.

Alipiga baada ya misa. Uliishika simu kwa mikono miwili, na kidude kikaanza kupiga filimbi sikioni mwako. "Papa?" Furaha anaita. "Papa?" Nikakugusa kisigino. Nilifikiri nini, sijui. Ukanirudishia simu haraka kama inakuunguza, ukasema kwa sauti yako yote ya chigayo, "Ongea naye wewe!" Hiyo aliisikia. Kwa upande wake, baba yake, muzima, asiye na shida yoyote, amekataa kuongea naye. "Asante Mama, nimeelewa," akasema, akakata.

Kidude ukakitia ndani ya kopo la majani ya chai. Kwa Sista hatukurudi. Ningemurudisha vipi mutu aliyekwisha kupita? Nyumbani tukabaki na mikono na mukaa, na mukaa unaandika mambo ya lazima tu, kula, lala, mvua inakuja. Hauandiki porojo. Na mimi niliolewa nawe kwa ajili ya porojo.

Ulipougua, mvua zilikuwa zimekata barabara. Homa ya siku chache tu. Siku moja kabla, uliniangalia mudomo ukauliza, "Furaha amesema nini?" Alikuwa hajasema kitu, wiki nyingi. Nikakuandikia ndani ya kiganja: anakusalimia, anakupenda. Ukafunga mukono. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwako, na sijui kama nautubu.

Furaha hakuwahi mazishi. Yeye mwenyewe alitoka kwa bwana yake, bila neno la mutu, amepanga chumba kulekule Lubumbashi na anashona nguo. Kila Jumapili ananipigia. Anauliza mugongo wangu, anauliza kuku. Wewe hakuulizi. Miaka miwili sasa, jina lako halijapita katikati yetu.

Halafu na mimi ikaanza. Kibemba ndicho kilitangulia kunitoka. Sokoni mama wa jirani ananisimulia kitu, nasikia sauti yake yote, lakini maneno yanapotea ndani ya kelele za boti na za watu. Nasema "ee mukwai" nacheka. Siku moja nilijiona ninavyocheka, nikakuona wewe. Nikajiambia, bon, Kiswahili bado kipo, lugha ya mama haiibiwi. Haikumaliza mwaka, Furaha akawa anaongea na mimi nasikia kama yuko nyuma ya ukuta. Hapo niliogopa. Sina mutu wa kunigusa kisigino.

Nikarudi kwa Sista. Bado anakuja Jumatano, amenenepa kidogo, ameolewa. Alinikumbuka. "Ba mayo! Ba shikulu aliyepita yuko wapi?" Nikamuambia umekufa. Akanishika bega, akanikalisha kwenye kiti, akafungua spika. Kanda ni ileile. Nilisikia kelele za soko, na ndani ya kelele kitu kidogo kimepita. Nilijua ni samaki. Ningeweza kujibu orodha nzima nimefunga macho, na Sista angepiga makofi, na mimi ningetoka pale na heshima yangu yote.

"Siko nasikia," nikamuambia. Na baada ya hapo yote yakatoka, mulango, mukaa, kidole cha muguu. Yeye alisikiliza kalamu iko chini. "Kumbe," akasema. Halafu akasema, "Ba mayo, mungeniambia siku ileile." Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Amemuomba mwalimu arekodi maneno mapya. Nakosa mengi, naye anaandika, na siogopi tena anachoandika. Jumatano iliyopita nilimuona bibi mumoja nyuma ya bwana yake anasogeza muguu taratibu. Nilimuangalia mpaka akaurudisha ndani ya ndala.

Shida ni mazoezi ya nyumbani. Sista alisema, kila siku mutu wa nyumbani akusomee huku redio inaongea. Nikamuuliza, mutu gani? Akaangalia karatasi zake. Kwa hiyo nimejitafutia njia. Naenda pale boti zinaposhusha samaki, nakaa juu ya beseni lililopinduliwa, nafunga macho, nachagua sauti moja naifuata. Nyingi zinanitoroka. Wiki iliyopita nilimufuata muchuuzi mumoja wa ng'ambo, mama wa Kiswahili chetu, mpaka mwisho wa habari ya mbuzi wa jirani yake aliyeingia kanisani akala kitambaa cha altare. Niliipata yote! Nikacheka peke yangu, macho yamefungwa, watu wakasogea kando. Nikafika nyumbani na hadithi nzima kichwani na hakuna wa kumupatia. Ulikuwa utaipenda, Papa Furaha. Nilikaa kwenye kizingiti nikalia, kwa ajili ya mbuzi, ungeniona ungenicheka.

Jumapili hii Furaha alipiga. Kabla hajauliza mugongo wangu, nilimuambia nyamaza, sikiliza. Nikamuambia ile siku ya kwanza baba yako hakusikia swali lako hata neno moja. Nikamuambia alipolisoma alikaa chini siku nzima. Nikamuambia juu ya Sista na kanda na muguu wangu. Nikamuambia, "Papa hakukukataa. Alikuogopa. Mimi ndiye nilisema yuko muzima." Nilisema yote bila kupumzika, halafu nikangoja.

Akaanza kuongea. Haraka, kwa nguvu. Kilio ama hasira, sijui. Sauti ilifika, maneno hayakufika. Zamani ningesema "ndiyo, mwanangu, ndiyo", nikakata. Nikamuambia, "Furaha, na mimi siko nasikia sasa. Rudia polepole." Akarudia. Nikashika neno moja, Papa. Nikamuambia rudia. Akarudia. Papa, na mengine yote yakapita. Mara nne alirudia, Papa Furaha, na mara nne nilishika wewe tu.

Kwa hiyo sikuletei musamaha, wala sikuletei laana. Sijui mutoto wako alisema nini. Kesho naenda kwa Sista, na Jumapili nitamuomba arudie tena. Kama ni maneno mabaya, nayo nataka kuyasikia yote.

Pumzika huko uliko, bwana yangu, hakuna anayekuuliza kitu.

Muke wako,
Mama Furaha